Siku mbili Bagamoyo, na shanga za Venice

Wiki iliyopita nilikuwa Fukayosi, kando ya barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata, nikichagua mananasi. Pembeni yangu lilisimama gari dogo lililojaa vijana wa Dar es Salaam. Mwenye gari, kijana nadhifu, alikuwa akimsimulia mwenzake mpango wake wa kwenda Italia: siku nne tu, Venice, picha juu ya daraja, viatu vya kununua na kahawa ya kunywa amesimama. Sina kinyongo na mpango wa mtu. Nilimwuliza tu wametoka wapi. Akasema Bagamoyo, wamelala huko usiku mmoja kwenye hoteli ya ufukweni. Mji ameuonaje?

"Mji gani tena, mzee? Sisi tulikuwa baharini."

Hilo la mzee nilimsamehe. Lakini jibu lenyewe ndilo lililonileta leo mbele ya kipaza sauti, maana ndugu huyu alikuwa amelala karibu na mji uliofanya biashara na hiyo Venice yake kwa miaka mingi, akaupita bila kuutazama.

Biashara yenyewe ilikuwa ya shanga. Mafundi wa kioo wa Venice walihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291, kwa hofu ya matanuri yao kuunguza mji, na kwa karne nyingi walitengeneza shanga zilizosambaa dunia nzima. Katika karne ya 19 shehena kubwa ya shanga hizo ilishushwa Unguja, ikavushwa kwa majahazi hadi Bagamoyo, na kutoka hapo ikapanda juu ya vichwa vya watu kuelekea Tabora na Ujiji. Huko bara shanga ilikuwa fedha. Ukitaka mahindi, kuku, au ruhusa ya kuchota maji, ulilipa kwa shanga, kwa waya wa shaba au kwa nguo: merikani na kaniki.

Nasi tumezoea kusimuliwa kwamba watu wa bara walidanganywa kwa vitu vinavyong'aa. La hasha! Watu wa bara walikuwa wateja wagumu. Kila nchi ilikuwa na mtindo wake. Shanga nyeusi zilikwenda vizuri Ugogo, lakini kwingine hakuna aliyezitaka. Sungomaji, zile kubwa mfano wa yai, zilikuwa na thamani Ujiji na ng'ambo ya ziwa, lakini njiani hazikununua hata kibaba. Mtindo ukibadilika wakati msafara uko njiani, tajiri wa Unguja alibaki na magunia ya takataka na wapagazi wake wakalala njaa. Kwa maneno mengine, fundi wa Venice aliyejiona bingwa wa urembo ilimbidi atengeneze kile ambacho mama mmoja wa Ugogo alikipenda.

Ndiyo maana safari ilipangwa kwa uangalifu mkubwa. Henry Stanley alipofika Unguja Januari 1871 kumtafuta Livingstone hakujua lolote juu ya mambo haya, na ilimpasa kuwauliza wafanyabiashara: kitambaa gani, shanga rangi gani, kiasi gani kwa siku kwa watu wangapi. Alitoka madukani na magunia 22 ya shanga, na mizigo yake yote ilifikia takriban tani sita. Kisha akakwama Bagamoyo wiki kadhaa akitafuta watu wa kuibeba. Aliyemsaidia kuwapata, na ambaye Stanley alimlalamikia sana kitabuni kwake kwamba ni mjanja wa kupindukia, alikuwa kijana wa Kihindi wa miaka kama 20 hivi. Jina lake Sewa Haji. Msafara wa mwisho wa Stanley uliondoka tarehe 21 Machi.

Mkumbuke kijana huyo, kwa sababu ukifika Bagamoyo utakutana naye tena. Alitajirika kwa kukodisha wapagazi na kuuza vifaa vya safari, na mwaka 1896, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, aliwakabidhi Wajerumani jengo la ghorofa liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo. Wakazi wa Dar es Salaam pia wanamfahamu bila kujua, kwani jengo la Sewa Haji pale Muhimbili limebeba jina lake.

Basi, kama unataka kupumzika siku mbili na mfuko haufiki Italia, mpango wangu ni huu. Ondoka Dar es Salaam Jumamosi asubuhi na mapema. Ni kilomita zipatazo 70, na adui yako mkubwa ni foleni ya kutoka mjini. Kabla hujaingia mji wenyewe, pita Kaole, kilomita kama tano kusini. Kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi, mengine yenye nguzo, na msikiti wa zamani zaidi ni wa karne ya 13. Hapo ndipo Burton na Speke walipoteremka mwaka 1857. Leo bahari huioni kwa urahisi, kwani mikoko imeiziba bandari. Simama hapo kidogo, uone jinsi mji unavyoweza kufa bila vita.

Mchana tembea Mji Mkongwe kwa miguu. Nasema kwa miguu, kwa sababu ukiwa garini barabara ya India unaimaliza kwa dakika tatu na unachokumbuka ni vumbi. Tazama milango ya nakshi. Tazama kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko zilivyochomoza pale dari lilipoanguka. Tazama Boma ya Wajerumani ya mwaka 1897, iliyojengwa wakati makao makuu yalikwisha hamia Dar es Salaam tangu 1891, kwa kuwa maji ya Bagamoyo ni mafupi kwa meli kubwa. Jioni shuka soko la samaki, na usiku uliza kama pale Taasisi ya Sanaa kuna ngoma.

Ukilala ghorofani, jihadhari na dirisha. Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Ikweta, alisafiri pamoja na Stanley hadi pwani, njaa na mishale vikamkosa. Walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889, wakaandaliwa karamu, na usiku huohuo yeye, ambaye macho yake hayakuona mbali, akaanguka kutoka ghorofani na kupasuka kichwa. Alipona, lakini ilimchukua muda mrefu kitandani.

Jumapili nenda Misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Upo mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874. Jina la mnara ni la Livingstone, na hapo ndipo mimi na vitabu vya wageni tunapoachana. Livingstone alikuwa amekufa. Waliotembea walikuwa Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, watu wapatao 60, waliombeba kwa miezi tisa kutoka Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Walipofika pwani walilipwa ujira wao, wakaambiwa kazi imekwisha. Chuma na Susi hawakupewa nafasi ya kusindikiza maiti hadi Westminster. Walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha.

Aidha, utaambiwa kwamba Bagamoyo maana yake ni bwaga moyo, kilio cha mtumwa aionapo bahari. Watumwa walipita hapo kweli, na haifai kulificha hilo. Lakini wengi wa waliojaa mji ule msimu hadi msimu walikuwa wapagazi wa mshahara, hasa Wanyamwezi, waliopatana bei kabla ya kunyanyua mzigo na ambao waliweza kumwacha tajiri wao porini akiwadhulumu. Kwao kubwaga moyo kulikuwa kutua mzigo na kupumua. Mgeni wa siku moja husimuliwa habari ya minyororo peke yake kwa sababu ndiyo inayosimulika haraka.

Huko Venice wenyewe wameshachoka na mgeni wa namna hiyo. Wakazi wa mji wao wa kale wamepungua hadi chini ya 50,000, na kuanzia tarehe 25 Aprili 2024, katika siku walizozitangaza, anayekuja na kuondoka siku hiyohiyo analipa kiingilio, ambacho mwaka huo kilikuwa euro 5. Anayelala haguswi na kiingilio hicho. Bagamoyo hatujafika mahali pa kumtoza mtu kwa kuja. Kwetu shida ni kwamba tangu lami ilipowekwa hadi Msata, magari ya Tanga na Arusha yanakata humo bila kusimama, na nyumba za barabara ya India zinaendelea kuanguka, jiwe moja moja, mvua hadi mvua.

Mambo hayo nilimweleza yule kijana kwa ufupi zaidi. Alisikiliza kwa heshima, akalipia mananasi yake, akaelekea Msata. Aliyebaki kunisikiliza ni mama muuzaji. Nilimwuliza kama amewahi kuingia makumbusho ya Misheni, kwani Bagamoyo hupeleka matunda mara kwa mara.

"Kaka yangu," akasema, "mlangoni pale nimepita na beseni kichwani sijui mara ngapi. Sijasikia mtu akiniambia karibu ndani."