Nyumba ya Simbamwene

Ndugu zangu mliosoma Morogoro, na ninyi vijana mlio madarasani: wapo wanaodhani mji huu ulianza na Wajerumani. Sivyo. Wajerumani waliukuta.

Aliyeujenga ni Kisabengo, chini ya milima ya Uluguru, kando ya mto Ngerengere. Aliuita Simbamwene, na jina hilohilo akampa binti yake mkubwa, aliyemrithi.

H. M. Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Aliandika habari za boma la pembe nne, mnara wa mawe kila pembe, na malango manne. Ndani yake ilikuwapo nyumba ya mtawala, iliyojengwa kama za pwani: paa refu la mteremko, upenu mpana, na baraza mbele.

Milango ya boma ilikuwa ya mbao ngumu, yenye nakshi za Kiarabu. Stanley alidhani ilichongwa Unguja, ikaletwa ubao kwa ubao. Halafu akakubali kwamba huenda mafundi walikuwa wenyeji. Mimi naliafiki hilo la pili. Njia ya Bagamoyo ilijaa watu, na fundi husafiri na ufundi wake. (Mgeni akiona kazi nzuri, mara nyingi humtafuta mwenyewe mbali!)

Aprili 1872 kilipiga kimbunga kilekile kilichoiharibu Unguja. Mto ulifurika. Stanley aliporudi alikuta ukuta wa mbele umesombwa, pamoja na nyumba zipatazo 50.

Mzee yeyote aliyesimuliwa habari za mafundi wale na amwandikie mhariri kabla ya toleo lijalo.