Salongo ao proje? Swali la mzee mmoja wa Kadutu

Wahitimu wenzangu, niwaombe radhi mapema juu ya urefu. Wiki iliyopita wadogo zetu wawili wa L1 waliniletea dosie ya proje yao niwasahihishie Kifaransa kabla ya kuipeleka kwa wafadhili. Wanaomba dola 4,000 za kutengeneza kisima kule Bagira. Kifaransa chao kinazidi changu, sikuwa na mengi ya kugusa. Lakini kwenye ukurasa wa bajeti macho yangu yalikwama kwenye mstari mmoja: mchango wa wenyeji, kazi ya mikono, dola 900.

Mstari huo naujua. Niliuandika mimi mwenyewe mwaka 2009, na bado unanitia haya.

Wakati ule nilikuwa L1 pia. Tulikuwa wanafunzi watano, na shirika moja lilikubali kutupa dola 3,000 tutengeneze kisima kwenye mteremko wa Kadutu. Ninyi wa Bukavu hamhitaji maelezo: nyumba zimepandiana mgongoni, maji ya bomba yanapita mbali, na watu wanachota kwenye shimo la chini kabisa, mahali ambapo mvua inateremsha uchafu wote wa vyoo vya juu. Kipindupindu hakikuwa habari ya redio kwetu. Kazi yenyewe si uchawi. Unachimba kurudi nyuma mpaka ulione jicho la chemchemi, unalizunguka kwa mawe na kokoto, unafunika juu kwa udongo wa mfinyanzi, unajenga ukuta wa mawe na sima wenye tiyo mbili za kutolea maji, kisha unakata mfereji wa kukinga maji ya mvua. Ugumu ni kwamba gari halishuki. Kila jiwe na kila mfuko wa sima unapita kichwani ao mgongoni mwa mtu.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu kama sitini. Nikatoa hotuba yangu: maendeleo, afya, watoto wetu. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya bidoni tupu aliinua fimbo yake, akauliza:

"Mutoto yangu, hii ni salongo ao ni proje?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, nikajibu kwamba ni kazi yetu sote. Mzee hakucheka. "Kama ni salongo, tunajua, tutabeba. Kama ni proje, mutatulipa ngapi? Sisi tulibeba majiwe ya Muzungu, tukabeba ya Mobutu. Sasa hizi za banafunzi ni za namna gani?"

Sikuwa na jibu, na sababu ni kwamba sikuijua historia ambayo ilikuwa imekaa mbele yangu juu ya bidoni. Niliitafuta baadaye, na ndiyo ninayotaka kuwapa leo.

Wakati wa Wabelgiji, amri ya mwaka 1917 iliruhusu kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao aliyoamriwa mpaka siku 60 kwa mwaka. Vita vya pili vya dunia vilipohitaji pamba na mpira, mwaka 1942, siku zikapandishwa hadi 120. Kwenye karatasi jambo hilo liliitwa elimu: eti mtu anafundishwa kupenda kazi. Shule ya juu yenyewe ilichelewa. Lovanium ilifungua milango mwaka 1954, chuo cha Elisabethville mwaka 1956, na uhuru ulipofika mwaka 1960 wahitimu Wakongomani wa chuo kikuu hawakufika 30. Kwa hiyo mzee wa rika la yule wa kwetu alibeba mawe kabla hajamwona mwanafunzi wa chuo kikuu kwa macho.

Kisha miaka ya 70 ikaja salongo. Neno ni la Kilingala, kazi ni ile ile: Jumamosi unatoka na jembe lako, unafagia, unazibua mifereji, unatengeneza barabara, bila malipo, kwa jina la taifa na la MPR. Nasikia wengine wakiisifu leo, na kweli, mji ulikuwa safi. Lakini hukuulizwa kama unataka.

Na sisi wanafunzi tulikuwa wapi? Tusijidanganye kwamba tulikuwa upande wa wananchi siku zote. Tarehe 4 Juni 1969 wenzetu wa Kinshasa waliandamana juu ya burse zao, yaani feza zao wenyewe, na askari wakawapiga risasi. Mwaka 1971, walipotaka kuwakumbuka wafu wao, wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu, na vyuo vyote vitatu vikafungwa pamoja katika UNAZA, mpaka vilipoachanishwa mwaka 1981. Serikali ilituogopa, ikatulisha, ikatupiga. Kwenda kuwatengenezea watu wa Kadutu kisima haikuwa shughuli yetu. Tulikuwa tunasubiri ofisi.

Hapa ndipo historia inageuka, na wengi tunapita bila kuona. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 wanafunzi wa Lubumbashi walivamiwa kwenye kampasi yao. Idadi ya waliouawa inabishaniwa mpaka leo. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na serikali ya Zaire. Feza za wafadhili hazikukauka kabisa. Zilitafuta njia nyingine, zikapitia kwenye makanisa na mashirika. Kivu ilikuwa tayari na mashirika ya wakulima tangu miaka ya 80, na baada ya wakimbizi wa Rwanda kuingia Goma na Bukavu mwaka 1994, magari yenye bendera na antena yakajaa barabarani. Kati ya damu ya wanafunzi wa Lubumbashi na dola 3,000 zangu kuna njia iliyopinda, lakini ni njia moja. Serikali ilipotoka katikati, mfadhili alihitaji mtu anayejua Kifaransa, anayeweza kujaza kadre lojike, na anayejua pia njia ya kushuka mpaka kisimani. Mtu huyo akawa mwanafunzi.

Na si kwetu tu. Mwaka 2007, huko Marekani, mama mmoja tajiri, Kathryn Wasserman Davis, alipofikisha miaka 100, alitoa dola milioni 1 kwa miradi 100 ya amani iliyoandikwa na kuongozwa na wanafunzi, kila mmoja dola 10,000, ya kufanywa wakati wa likizo. Wazo zuri, nasema bila kejeli. Ila likizo ni likizo. Kisima hakina likizo.

Nirudi Kadutu. Mfadhili wetu alitaka wenyeji wachangie yapata sehemu moja ya tano ya gharama. Wenyeji hawakuwa na feza, basi usiku mmoja, kwa mwanga wa simu, tulipiga hesabu: watu 40, siku 10, dola 2 kwa siku, jumla dola 800. Tukaandika. Dosie ikawa nzuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshuka kuwauliza hao watu 40. Na mstari wa chini yake ulisema: usafiri na mawasiliano ya wanafunzi, dola 300. Sisi ndio tulioitwa wa kujitolea!

Mambo yalijulikana namna yanavyojulikana siku zote: mmoja wetu alimwonyesha shangazi yake karatasi. Jumatatu hakuna aliyekuja kubeba. Jumanne vilevile. Jumatano nilishuka na bajeti mkononi, nikaisoma yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye zile 800, mama mmoja aliyekuwa anaponda mawe pembeni alisimamisha nyundo.

"Hizo mia nane ziko wapi?"

"Mama, hazipo. Ni hesabu tu, ya jasho lenu."

"Hesabu ya nani?"

Kisha akaniuliza kokoto tumepanga kununua wapi. Tulikuwa tumepanga kuleta kwa lori, kutoka mbali, na huku wanawake wa mteremko ule ule wanaponda mawe kila siku ya Mungu ili wale. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumeandika kabla ya kutazama.

Mkutano ule ulichukua saa tatu. Tuliondoka tumekubaliana: kokoto zote zinunuliwe kwa wale mama, fundi awe wa pale pale, usafiri wetu ukatwe, tutembee kwa miguu, na kubeba mawe kubaki bila malipo, lakini kwa zamu walizozipanga wao, si sisi. Mzee alisema maneno machache tu: "Sasa najua ni nini." Hakutuambia ni nini. Jibu la mfadhili juu ya kubadilisha mistari lilichukua wiki mbili, Septemba ikatukuta na mvua ya kwanza, na ukuta tuliumaliza chini ya turubai.

Kisima kile bado kinatoa maji. Tiyo moja iliziba zamani, nyingine inafanya kazi. Mfereji wa juu unaporomoka karibu kila mvua kubwa na wenyewe wanauzibua. Katika proje yetu hatukuwa tumeweka hata franga moja ya matengenezo, kwa sababu proje ilikuwa ya miezi mitatu. Kibao chenye jina la mfadhili na majina yetu matano kiliondoka mapema. Nilikiona baadaye kimekuwa paa la banda la kuku, na kwa kweli hakivuji.

Basi niliwauliza wadogo zetu: hizi dola 900 mlizipataje? Wakanijibu upesi, watu 30, siku 15, dola 2. Nikauliza: hao 30 wanajua? Wakatazamana.

Dosie inapaswa kwenda Ijumaa ya wiki ijayo. Jumamosi hii, saa moja asubuhi, wanashuka kisimani na karatasi yao, wataisoma kwa Kiswahili, nami nitakaa nyuma ninyamaze. Kati yenu, mwenye ndugu ao rafiki anayekaa karibu na kisima kile cha Bagira, tafadhali atuunganishe na komite ya maji ya pale kabla ya siku hiyo. Na kama kuna fundi wa kuchimba mifereji anayejua udongo wa upande ule, tunamhitaji pia, kwa malipo. Mstari wake tayari tumeuongeza.