Zimwi la Vita: Kutoka Ras'lGhuli hadi Ziraili

Wahakiki wengi wamezoea kuyahesabu majini na mazimwi ya tenzi zetu kuwa pambo tu, au mabaki ya itikadi zilizopitwa na wakati. Makala haya yanashikilia kwamba viumbe hao ni mojawapo ya njia kongwe za Kiswahili za kuusema ukatili wa vita.

Tuanze na Utenzi wa Ras'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, uliotungwa katika karne ya 19, wenye beti zaidi ya 4,500. Jina lenyewe la mfalme adui lina maana ya kichwa cha zimwi. Lakini kisa hakianzi na zimwi. Kinaanza na mwanamke anayefika Madina kushtaki mauaji ya watoto wake. Jambo hili, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili. Mtunzi anaukuza ushujaa hata ukapita kipimo cha kibinadamu kwa kuwa msiba alioanza nao nao umepita kipimo. Hata hivyo mpaka wake u wazi: zimwi liko ng'ambo, kwa adui.

Mpaka huo ndio unaobomolewa katika Ziraili na Zirani, riwaya ya William Mkufya iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1999. Humo ahera yenyewe imekuwa uwanja wa vita, na msomaji atafutaye upande wa kuuegemea haupati kwa urahisi. (Kezilahabi alikwisha kutangulia kwa Nagona, 1990, na Mzingile, 1991, ila yeye anauliza zaidi habari za ukweli kuliko za silaha.)

Kwetu Bunia mwaka 1999 si tarehe ya uchapishaji tu. Ndio mwaka ambao ugomvi wa ardhi huko Djugu uligeuka vita vilivyoufikia mji huu. Na mapema zaidi, mwaka 1964, Wasimba walipigana wakiamini kwamba dawa ingezigeuza risasi kuwa maji. Hapo ajabu haikuwa fasihi. Ilikuwa mbinu ya kivita, na vijana walikufa kwa kuiamini.

Ndiyo maana tofauti ya tungo hizi mbili si suala la mtindo peke yake. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, kilomita 25 hivi kutoka hapa, kilishambuliwa, na raia wakauawa, watoto wakiwemo. Atakayeyasimulia hayo kwa mfumo wa Ras'lGhuli atapata zimwi la upande mmoja, na upande wa pili nao utajitungia utenzi wake. Mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Den Haag, mashahidi kadhaa walieleza kwa Kiswahili: nyumba zilizochomwa, mapanga, madarasa ya shule walimokimbilia watu. Maelezo hayo yanamkaribia yule mama wa Madina kuliko wanavyomkaribia mashujaa waliotumwa kumlipizia kisasi, na ningependa wanafunzi wetu waanzie kwake.