Kitufe Kilichohama: Kwa Nini Masasisho ya Kompyuta Yanatuudhi

Wiki ya kukusanya tasnifu haina rafiki. Nilipokuwa namalizia shahada ya umahiri, nilifika asubuhi na mapema kwenye steshenari iliyo jirani na geti la chuo, flashi mkononi, nikakuta foleni ya watu kama wanane. Dada anayeendesha kompyuta pale namfahamu. Kaprinti tasnifu nyingi kuliko ambazo mimi nitawahi kuzisoma. Siku hiyo alikuwa amekwama. Kompyuta ilikuwa imejiapdeti usiku, na kila alipopeleka kipanya pale alipozoea, hakuti kitu. "Jamani, jana kilikuwa hapa hapa," alikuwa akijisemea. Kijana mmoja nyuma yangu akanong'ona, kwa sauti ya kusikika kabisa: "Huyu dada naye, hajui kompyuta."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii, kwa sababu hayakuwa ya kweli. Dada yule anajua kompyuta. Kilichobadilika si ujuzi wake, ni mahali pa kitufe. Labda na wewe yameshakukuta: umelala ukiwa mtaalamu, umeamka mgeni kwenye mashine yako mwenyewe, ukajiona mjinga. Twende taratibu tuone kwa nini hustahili kujiona hivyo.

Mkono una kumbukumbu yake

Tuanzie mbali kidogo na kompyuta. Mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji wa ubongo kijana wa miaka 27, Henry Molaison, ili kumtibu kifafa kikali. Kifafa kilipungua, lakini kijana akapoteza uwezo wa kutunza kumbukumbu mpya. Ukizungumza naye, ukatoka nje na kurudi baada ya muda mfupi, anakuona mgeni. Watafiti walimwita H.M. tu kwa miaka yote, hadi alipofariki mwaka 2008 ndipo jina lake likatangazwa.

Mwanasaikolojia Brenda Milner wa Montreal, Kanada, alimpa H.M. kazi moja: afuatishe mchoro wa nyota kwa kalamu huku akiutazama kwenye kioo tu, bila kuuona mkono wake. Jaribu siku moja uone. Unataka kwenda juu, mkono unashuka. H.M. alirudia zoezi hilo kwa siku tatu. Kila siku alikuwa hakumbuki kuwahi kulifanya. Lakini makosa yalizidi kupungua! Kichwa kilisahau, mkono ukajifunza.

Hapo wanasayansi wakapata ushahidi mzito kwamba kujua *kwamba* jambo fulani lipo na kujua *jinsi* ya kufanya jambo ni kumbukumbu za aina mbili, na ubongo hauzihifadhi kwa njia moja. Sasa rudi kwenye kompyuta. Mtu aliyeitumia programu moja kwa miaka kumi hasomi tena maandishi ya kwenye skrini. Mkono unakwenda wenyewe. Muulize kitufe fulani kiko wapi, mara nyingi atakwambia, "Ngoja nishike kipanya nikuonyeshe."

Kwa hiyo sasisho likihamisha kitufe, mtu hapotezi tu taarifa ndogo kwamba "kilikuwa kushoto, sasa kiko kulia". Hiyo angeijifunza kwa sekunde mbili. Anachopoteza ni ule ujuzi wa mkono, na ujuzi huo haufutiki kwa kuambiwa. Ndiyo maana wiki nzima utaendelea kubonyeza palepale pa zamani huku ukijua kabisa kwamba pamehama.

Kitufe kimoja, miaka ishirini na sita

Mfano ulio wazi zaidi katika historia ya kompyuta ni kitufe cha Start cha Windows. Kilizaliwa na Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995. Hakikuwekwa pale kwa kubahatisha. Wabunifu wa Microsoft waliwakalisha zaidi ya watu 500 kwenye maabara, wakawatazama wakihangaika, wakabadilisha, wakajaribu tena. Katika hatua za mwanzo kulikuwa na vitufe vitatu pale chini: System, Find na Help. Mwishowe vikaunganishwa kuwa kimoja kinachomwambia mgeni waziwazi aanzie wapi. Kikakaa kwenye kona ya chini kushoto, na watu wakajifunza kompyuta kuanzia hapo.

Miaka kumi na saba baadaye, tarehe 26 Oktoba 2012, ikatoka Windows 8. Kitufe hakipo. Mahali pa menyu ya kawaida pakaja skrini nzima ya vigae vya rangi, vilivyotengenezwa vikifikiria vidole kwenye kioo. Elewa mazingira: iPad ilikuwa imetoka mwaka 2010, na dunia ya kompyuta ilikuwa inaogopa kuachwa nyuma. Wahandisi walikuwa na takwimu pia. Walieleza kwamba matumizi ya menyu ya Start yalishuka kwa asilimia 11 kutoka Windows Vista hadi Windows 7, kwa kuwa watu walianza kubandika programu zao kwenye upau wa chini.

Takwimu hizo sina ugomvi nazo. Lakini kutumia kitu mara chache si sawa na kutokihitaji. Mlango wa nyuma wa nyumba yako huenda unaufungua mara moja kwa wiki. Fundi akiuziba kwa tofali kwa sababu hiyo, mtagombana.

Kilichofuata kinajulikana. Malalamiko yalijaa kila mahali. Kampuni ya Stardock ikauza programu iitwayo Start8, kwa dola 4.99, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kurudisha menyu iliyoondolewa. Yaani watu walilipa ili wapate tena kilichokuwa chao! Tarehe 17 Oktoba 2013 kitufe kikarudi katika Windows 8.1, ila ukikibonyeza kinakupeleka kwenye vigae vilevile. Menyu yenyewe ilirudi tarehe 29 Julai 2015, na Windows 10. Halafu, watu wakiwa wameshatulia, tarehe 5 Oktoba 2021 ikaja Windows 11 na kusogeza kitufe kutoka kwenye kona kwenda katikati. Safari hii walau waliacha mpangilio wa kukirudisha kushoto, ukijua pa kuutafuta.

Mbona hawaachi vitu mahali pake?

Tuwe waungwana, sababu zipo. Programu hukua. Chukua Word: toleo la mwaka 2003 lilikuwa na amri zaidi ya 1,500, na menyu za zamani zilikuwa zimejaa mpaka pomoni. Ndiyo maana toleo la 2007 lilipanga upya kila kitu kwenye utepe wa juu. Wazoefu walilalamika sana, ila aliyeanza kujifunza na utepe huo leo hawezi kufikiria Word bila huo. Windows 95 yenyewe iliwahamisha watu waliokuwa wamezoea Program Manager ya Windows 3.1. Mpangilio tunaoulilia leo, kuna wakati ulikuwa ndio ugeni wenyewe.

Tatizo langu liko kwingine. Masasisho mengi siku hizi hubeba mizigo miwili kwa pamoja: marekebisho ya usalama, ambayo unayahitaji kweli ili mashine isivamiwe, na mabadiliko ya sura, ambayo hukuyaomba. Ni sawa na fundi uliyemwita kuziba bomba linalovuja, ukirudi jioni unakuta kaziba bomba na kahamisha jiko pia. Ukikataa, bomba linaendelea kuvuja. Matokeo yake wapo wanaozima masasisho yote kwa kuchoka kuhangaika, wakabaki na mashine zenye matundu ya usalama. Hapo usumbufu unageuka hatari.

Na mzigo huu haumlemei kila mtu sawasawa. Huku kwetu wengi tulijifunza kompyuta kwa mahali kuliko kwa maneno, kwa sababu maneno ya kwenye skrini ni ya Kiingereza. "Bonyeza cha tatu kutoka kushoto, halafu cha chini kabisa." Anayekielewa Kiingereza vizuri, kitufe kikihama, atasoma menyu na kukipata. Aliyeshika njia kwa mahali anaanza karibu upya, tena mbele ya wateja, na saa inakwenda.

Kisichohama

Lakini si kila kitu huhama. Kukata, kunakili na kubandika vilikuzwa na Larry Tesler na wenzake katika maabara ya Xerox PARC, California, miaka ya 1970. Mwaka 1983 kompyuta ya Lisa ya Apple ilitumia herufi X, C na V kwa kazi hizo. Herufi ni zilezile mpaka leo. Vitufe vya skrini vimezunguka kila kona, ila njia za kibodi zimekaa palepale kwa miaka zaidi ya arobaini. Ukiniuliza umfundishe nini mdogo wako anayeanza kompyuta, nitakwambia uanze na hizo: C ya kunakili, V ya kubandika, Z ya kutengua, S ya kuhifadhi, P ya kuprinti, zote pamoja na Ctrl. Halafu mengine yafuate.

Dada wa steshenari ndiye aliyenionyesha hilo asubuhi ile. Alivuta pumzi, akakiachia kipanya, akabonyeza Ctrl na P. Printa ikaanza kunguruma, foleni ikasogea. Yule kijana wa nyuma yangu alipofika mezani, nilimsikia akiuliza kwa upole: "Dada, samahani, hapo umebonyeza nini?"