Kabla Useme Damu Yako ni Ngumu, Sikia Story ya Majengo

Wiki jana nilikuwa kwa kinyozi mtaani, nangoja zamu yangu, na jamaa mmoja akaanza ile story sote tumeshaisikia. "Mimi damu yangu ni ngumu. Nimetembea sana na sijawahi shika kitu." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini nikienda nyumbani nilikuwa na swali: kwani kuna watu ambao virusi vya Ukimwi haviwezi kuwaingia?

Jibu ni ndiyo, wako. Lakini si vile yule jamaa anafikiria. Na sehemu kubwa ya hii historia ilitokea hapa Nairobi, umbali wa matatu moja tu kutoka tao. Inaniuma kwamba wengi wetu hatujui.

Tuanze na kitu kila Mkenya amewahi kusikia: CD4. Ukiwa na mtu wa familia anayekunywa dawa, unajua lile swali la kliniki, "CD4 yako imefika ngapi?" Wengi hudhani CD4 ni jina la kipimo. La. CD4 ni protini inayokaa juu ya ngozi ya seli, hasa zile seli nyeupe zinazoongoza jeshi la kinga mwilini. Ni kipokezi, yaani mahali ambapo ujumbe kutoka nje ya seli hushikia. Na ndipo virusi pia hushikia.

Haya yalijulikana haraka. Juni 1981 Marekani ilitangaza kwamba wanaume watano vijana huko Los Angeles wameugua nimonia isiyo ya kawaida. Mwaka 1983, Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao katika Taasisi ya Pasteur, Paris, wakapata kirusi chenyewe. Desemba 1984, timu mbili, moja London na nyingine Paris, zikaandika kwenye toleo moja la jarida la Nature kwamba CD4 ndiyo kipokezi.

Kila mtu akadhani kesi imeisha. Haikuwa imeisha.

Mwaka 1986 watafiti walichukua jeni ya CD4 ya binadamu wakaitia kwenye seli za panya. Kirusi kilikuja, kikashika CD4 vizuri kabisa, halafu kikakwama hapo hapo nje. Jeni ile ile ilipotiwa kwenye seli za binadamu ambazo hazikuwa na CD4, kirusi kiliingia bila shida. Fikiria ploti yenu: mwizi amefungua geti kubwa la chini, amefika hadi kwa koridoo, lakini mlango wa nyumba una kufuli yake. CD4 ilikuwa geti tu. Kulikuwa na mlango wa pili, na hakuna aliyeujua.

Ilichukua miaka kumi kuupata. Desemba 1995, maabara ya Robert Gallo huko Marekani ilionyesha kwamba protini tatu ambazo mwili wetu hutengeneza kuita seli za kinga zinaweza kukizuia kirusi. Hiyo ilikuwa dokezo kubwa: kama protini hizo zinazuia, pengine zinakalia mlango ambao kirusi kinautaka. Mei 1996, timu ya Edward Berger ikataja kipokezi cha pili, kinachoitwa leo CXCR4. Mwezi uliofuata, maabara tano tofauti zikatangaza kingine, CCR5, ambacho ndicho kirusi hutumia mara nyingi mtu anapoambukizwa mwanzoni.

Na hapo ndipo wale watu wa "damu ngumu" wakaeleweka. Kule New York kulikuwa na mtu anaitwa Stephen Crohn. Mpenzi wake alikufa mwaka 1982, marafiki zake wakaendelea kufa mmoja baada ya mwingine, na yeye akabaki mzima. Hakukaa kuringa. Alienda kwa madaktari mwenyewe akawaambia wamchunguze. Mwaka 1996 ikaonekana kwamba kuna watu wamezaliwa na jeni ya CCR5 iliyokatika kipande, kwa hiyo mlango wa pili haupo kabisa. Ukirithi kasoro hiyo kutoka kwa baba na mama, virusi vinavyotumia CCR5 havina pa kupitia.

Lakini ngoja. Kasoro hiyo iko kwa karibu mtu 1 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya. Kwa Waafrika, karibu haipo. Kwa hiyo yule jamaa wa kinyozi, samahani boss, mlango wako wa pili uko pale pale na bawaba zake zote.

Sasa turudi nyumbani. Majengo, Pumwani. Kwenye miaka ya themanini, Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Canada, walikuwa na kliniki ya wanawake waliokuwa wakifanya kazi ya ngono. Kati ya 1985 na 1994, waliwaandikisha wanawake 424 ambao vipimo vilionyesha hawana virusi. 239 wakaambukizwa. Soma hiyo namba tena polepole. Hao walikuwa mama za watu, dada za watu.

Lakini wachache wakabaki salama mwaka baada ya mwaka, ilhali walikutana na virusi mara nyingi mno. Watafiti walifikiria ni CCR5. Haikuwa. Seli zao zilipowekwa pamoja na virusi maabarani, ziliambukizwa kama seli za mtu mwingine yeyote. Geti lilikuwa wazi, mlango ulikuwa wazi. Kilichoonekana kwa baadhi yao ni askari waliokuwa macho: seli za kinga zilizozoea kukitambua kirusi na kukishambulia.

Halafu ikaja sehemu inayonisumbua hadi leo. Mwaka 2001 iliripotiwa kwamba baadhi ya wanawake hao waliambukizwa baadaye, na wengi wa walioambukizwa ni wale waliokuwa wamepunguza kazi au kupumzika kwa muda. Yaani kinga yao haikuwa zawadi ya kudumu. Mwaka huo huo Nairobi ikaanza kujaribu chanjo iliyotokana na somo hilo la askari. Matokeo hayakutosha, na chanjo bado tunaingoja.

Sasa maoni yangu. Dunia nzima inamjua Timothy Ray Brown, aliyepona Berlin baada ya kupandikizwa uboho wa mtu asiye na CCR5. Ni sawa, alistahili kujulikana. Lakini tiba hiyo ni ya mgonjwa wa saratani ya damu, ni hatari, na inahitaji mfadhili mwenye jeni ambayo kwetu ni kama haipo. Wamama wa Majengo walitoa damu yao miaka na miaka, na kilichojulikana kutokana nayo kinahusu miili kama yetu. Najua majina yao ni siri ya kliniki, na inafaa ibaki hivyo. Lakini kwa nini nilimaliza sekondari na kitabu changu cha baiolojia kikinichorea CD4, bila hata sentensi moja kuhusu Majengo? Na kwa nini mtaani bado tunawatukana wanawake wa kazi ile, ilhali sayansi inawadai?

Jumamosi narudi kwa kinyozi. Nikimpata yule jamaa, nitamwambia kwamba kutoshika kitu hadi leo hakumaanishi ana damu ngumu. Wako wanawake waliokaa salama miaka mingi kuliko yeye, wakachunguzwa na madaktari wakubwa, na bado wengine wao wakaja kuambukizwa. Kisha nitamuuliza mara ya mwisho alipimwa lini. Kondomu zipo, PrEP iko kwenye kliniki za serikali tangu 2017, na kupimwa ni dakika chache. Tunaweza hata kuenda pamoja, mimi pia ni muda sijapimwa.