Kuanika ndagala kwenye mwambao wa Uvira

Ndagala ni samaki wadogo wanaong'aa wa Ziwa Tanganyika. Wako wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na ng'ambo ya ziwa, Kigoma, huitwa dagaa. Samaki aliyevuliwa usiku hafiki jioni ya siku inayofuata bila kuharibika, kwa sababu ni mdogo mno kupasuliwa na hubaki na matumbo yake. Kwa hiyo tangu zamani, kwenye mwambao wa Kongo, kutoka Kavimvira mjini Uvira hadi Makobola na Baraka, kuvua ndagala na kuwahifadhi vimekuwa kazi moja, na chombo kikuu cha kuhifadhia kimekuwa jua.

Ndagala hufuata mwanga. Wavuvi wa kale walibeba moto wa kuni au mwenge kwenye mtumbwi, samaki wakakusanyika chini yake, nao wakawachota kwa lusenga, wavu wa mfuko uliofungwa kwenye mti mrefu. Mbalamwezi inapokuwa kali mwanga wa moto haufui dafu, na kazi husimama kwa siku kadhaa kila mwezi. Katika siku hizo kilicholiwa na kuuzwa ni kile kilichoanikwa kabla.

Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi mwezi Aprili 1858, wakaikuta ni soko kubwa la kaskazini ya ziwa kwa pembe za ndovu, watumwa, nafaka, nguo za magome ya miti na vyuma. Chumvi iliyosambazwa kandokando ya ziwa ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi zilizo karibu na mto Malagarasi, nayo ilikuwa bidhaa ya kununuliwa. Samaki wakubwa walibanikwa juu ya moshi, jambo lililodai kuni nyingi. Ndagala hawakudai chumvi wala kuni. Mama aliyekuwa na kipande cha ufuo na siku mbili za jua aliweza kuanza biashara, na hii ni sababu mojawapo ya kazi ya kuanika kubaki mikononi mwa wanawake.

Kazi yenyewe inataka jicho. Ndagala hununuliwa alfajiri, mitumbwi inaporudi, humwagwa juu ya mchanga au changarawe na kutandazwa wasilaliane. Wakilundikana, wa chini huvunda kabla wa juu hawajakauka. Hugeuzwa mara kwa mara, na jioni hukusanywa ili umande usiwarudishie unyevu. Aliyekauka vizuri huvunjika akikunjwa, na rangi yake hubaki nyeupe ya fedha. Aliyenyeshewa hugeuka manjano au kahawia, akanuka, na bei ikaanguka. Kilo tatu au nne za wabichi hutoa takriban kilo moja ya wakavu, mzigo mwepesi wa kupandisha milimani hadi Bukavu.

Miaka ya 1950 ilibadilisha kiasi cha samaki, si namna ya kuwakausha. Taa za karabai zilichukua nafasi ya mienge. Mitumbwi iliunganishwa pamoja kwa miti ili kubeba wavu wa kuinua, na upande wa Usumbura, Bujumbura ya leo, wavuvi wa Kigiriki walileta nyavu kubwa za kuzungusha. Ufuo ukawa mdogo kwa mavuno hayo. Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji walihamishia vifaranga vya ndagala Ziwa Kivu. Limnothrissa ndiyo iliyostawi huko, na leo ni sambaza wa Bukavu na Goma.

Mchanga una kasoro yake: hushikamana na samaki, na mpishi huuosha kwa maji mengi. Vichanja vya waya vilivyoinuliwa juu ya ardhi huondoa tatizo hilo na hupitisha hewa chini ya samaki, ila hudai miti na fedha ambazo mchuuzi mdogo hana.

Umeme wa mto Ruzizi ulianza kuzalishwa karibu na Bukavu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kituo cha pili kikafuata mwaka 1989. Umeme huwezesha kugandisha samaki badala ya kuwaanika. Kugandisha huzuia uozo kwa kuyafanya maji ya samaki barafu, wakati kuanika huyaondoa kwa sehemu kubwa. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa mahali ambapo umeme hukatika: samaki wa frigo huyeyuka na kuoza, ndagala wakavu hubaki guniani kwa miezi wakikingwa na unyevu na wadudu. Tishio jingine kubwa kwa waanikaji limetoka ziwani kwenyewe. Maji yalipopanda mwaka 2020 na 2021, kisha tena 2024, yalifunika fukwe na nyumba za Uvira.

Nchi nne zinazopakana na ziwa zimekubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka, na mwaka 2024 Tanzania iliufunga kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi hiyo ni ya kiangazi, yenye jua bora la kuanikia. Mchuuzi anayetaka kuwa na ndagala wa kuuza wakati huo hulazimika kuwakausha mapema, mvua za Machi na Aprili zikiwa bado zinanyesha.