Njia na Inzira katika Ufuko wa Rumonge

Ukisimama mwaloni Rumonge, katika ufuko wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, wakati wa alasiri, ndagala zimetandazwa juani na madumu ya mawese yamepangwa kando ya maboti yangojayo abiria, huenda ukamsikia mtu akiuliza habari za inzira na mwenziwe akamjibu habari za njia, wala hapana hata mmoja ahisiye kuwa amevuka mpaka wa lugha. Kwani maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja, yaliyochipuka katika shina la kale la lugha za Kibantu, ila Kirundi kimeihifadhi ile r ya katikati, na Kiswahili kikaiacha ianguke, kama ionekanavyo pia katika inzara yao na njaa yetu.

Waingereza, neno lao road lilikuwa hapo zamani tendo la kupanda farasi. Na route, walilolipokea kwa Wafaransa, asili yake ni Kilatini, nayo ni njia iliyovunjwa, yaani iliyopasuliwa kwa nguvu penye kizuizi. Njia yetu haina farasi wala shoka ndani yake, na kwa sababu hiyo, nionavyo mimi, haikuona taabu kupanda mtumbwini.

Maana njia kuu ya misafara, iliyoanza Bagamoyo ikapita Tabora, ilipofika Ujiji haikukoma, bali iligeuka maji. Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi iliyochongwa katika magogo makubwa, wakaambaa na ufuko wa mashariki, huu ambao leo ni wa Burundi, kisha wakakata ziwa kwenda Ubwari na hatimaye Uvira, ambako walifika tarehe 26 Aprili; na wapiga makasia ndio waliojua wapi pa kulala na wapi pa kuvukia, kwa kuwa ziwa hili, lenye kina kipitacho meta 1,400, lina mawimbi yasiyomwonea haya mgeni. Baadaye Livingstone na Stanley walipita ufuko uo huo kwenda kuutazama mto Rusizi, wakaona kuwa unaingia ziwani wala hautoki; na huko Mugere, kusini ya Bujumbura, liko jiwe lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871.

Si kila aliyekuja kwa njia hiyo alipokewa kwa heri. Mapadre Weupe walifungua misheni Rumonge mwaka 1879, na mwaka 1881 watu wao watatu wakauawa huko huko. Nalitaja jambo hili kwa huzuni, kwa sababu ufuko uliokwisha kuonja vitisho vya watekaji wa watumwa haukuwa na wasaa wa kupambanua mgeni na mgeni.

Pamoja na chumvi ya Uvinza na nguo za pwani yalikuja maneno ya Kiarabu: safari, na tariki, ambayo washairi waliipenda kuliko wachukuzi, na jamaa yake tarika, njia ya kumwendea Mola, ambayo kwa Waislamu wa Ujiji na wa ufuko huu ilikuwa hasa ile ya Kadiria, yenye dhikiri zake.

Lakini neno lililoshinda yote ni barabara. Likikazwa silabi ya pili, ni sawasawa, kweli kabisa, kwa maana iliyotoka Kiajemi. Likikazwa ya tatu, ni njia pana ya magari. Kirundi kilichukua hiyo maana ya njia peke yake, kikaivika kiambishi chake ikawa ibarabara, na ndivyo iitwavyo leo ile iendayo Bujumbura, kiasi cha kilomita 70 na ushei, ziwa likiwa ubavuni mwake. Hata Mrundi wa milimani asiyejua Kiswahili husema ibarabara ashukapo garini. Kisha hujitwika mzigo wake kichwani, akashika kijia chembamba kipandacho kwao kati ya michikichi, na hicho bado hukiita inzira.